Kuku Walionifuata

Kila siku ni yale yale. Nikichota maji, "Consolata, kuwa makini!" Nikiwasha moto, "Makini!" Shuleni nako, Mwalimu Fidelis: "Darasa, makini!" Basi mimi hukunja mikono, nikafunga mdomo, nikatulia tuli. Sasa walitaka nifanye nini tena?

Jumamosi hiyo tulikuwa tunapiga ufuta. Mama alikuwa amelima peke yake hapa kwetu Tingi, na ufuta ule ndio ungetupatia mabati ya kuezekea nyumba kabla ya mvua. Matita ya ufuta yalisimama wima nyuma ya jiko, yamekauka hata vitumba vya mbegu vimepasuka. Mama alitandika turubai uani.

"Lete matita, moja moja," akaniambia. "Na uwe makini, mwanangu."

Jamani, tena! Nilikaza uso, nikabana tita la kwanza kwapani, vichwa vikining'inia chini nyuma yangu. Nilikwenda na kurudi bila kusema na mtu.

Mdogo wangu Lusia akanikimbilia. "Dada, mbona kuku wanakufuata?"

"Niache bwana! Huoni nipo makini?"

Nilipoleta tita la nne, mama alianza kupiga; aliligeuza juu ya turubai, akalipiga kwa fimbo. Zikaanguka punje chache tu. Akatazama nilikotoka. Ufuta ulikuwa umemwagika njia nzima, na kuku wanadonoa kwa raha zao.

"Mama yangu wee! Consolata! Kuku wanakula mabati yetu!"

"Lakini mama, nilikuwa makini! Sikuongea hata neno moja!"

"Nani kakutuma ufunge mdomo? Huyu Lusia wa miaka sita ndiye aliyekuwa makini. Kaona, kauliza! Wewe je?"

Sauti yake ilikatika, machozi yakamlenga. Niliona aibu.

Lusia aliwafukuza kuku. Mimi nilizoa ufuta na mchanga wake, nikapepeta mpaka mikono ikauma. Haukurudi wote. Matita yaliyobaki niliyabeba wima, nimeyakumbatia, hatua kwa hatua.

Jioni mama alinisogezea kigoda.

"Kutulia ni kuzuri, lakini peke yake hakutoshi," alisema. "Mtu makini anajua mikono yake inafanya nini, na kwa nini. Ukiwa hujui, niulize."

"Utakasirika, mama."

"Nitakasirika, ndiyo. Kisha nitakujibu."