Nambari ya Mtu wa Luano

Kila asubuhi, kabla wenzake hawajajipanga mbele ya bendera, Mujinga alikwenda nyuma ya darasa la sita kusoma kipima mvua. Aliandika milimita kwenye daftari, kisha akalifungia kabatini. Ufunguo aliuvaa shingoni. Hesabu hizo zilipelekwa ofisi ya hali ya hewa ya Luano, kwenye uwanja wa ndege.

Mwezi wa Januari 1972 alimwachia rafiki yake Chileshe daftari hilo kidogo tu. Chileshe, aliyepima zamu za jioni, alikuwa amesahau kupima, basi akajaza hesabu za kubuni: milimita thelathini, siku ambayo jua liliwaka kutwa! Luano waliandika kwamba huenda shule ikafutwa kwenye vituo vyao vya kupima mvua. Mujinga alilia, halafu akajiapiza. Tangu siku hiyo hakumfungulia mtu yeyote asiyekuwamo kwenye orodha ya walioruhusiwa, iliyobandikwa mlangoni mwa kabati.

Mwezi wa Machi alifika mwanamume mmoja na baiskeli.

"Bonjour, mutoto. Natoka Luano. Leta daftari ya mvua."

"Jina yenu ni nani, papa?" Mujinga akamuuliza kwa heshima.

"Citoyen Mwaba Ngosa," akajibu, akitanguliza neno la Kifaransa la "raia".

Mujinga alisoma orodha. Mtu wa Luano alikuwa mmoja tu: Pierre Mwaba.

"Jina yenu haiko, papa."

Mgeni akacheka. "Ile Pierre nilishaacha! Haujue majina ya kizungu balikataza?"

Mujinga alijua sana: mwaka huo serikali iliagiza kila mtu achukue jina la Kiafrika. Yeye mwenyewe alikuwa Germaine hadi juzijuzi. Lakini maneno hayo yeyote angeweza kuyasema. Alimpa karatasi atie sahihi, akailinganisha na ile ambayo Pierre Mwaba alitia Januari kwenye kitabu cha wageni, siku Mujinga hakuwapo. Hazikufanana hata kidogo.

"Siwezi kufungua, papa."

"Mutoto wa namna gani huyu! Mvua iko karibu, nitalowana!"

Mujinga hakuuachia ufunguo. Akamkumbuka baba yake, mchimba shaba. Baba naye alibadilisha jina na sahihi, ila kazini nambari yake ilibaki ileile. Kando ya sahihi ya Januari palikuwa na matrikule, nambari ya mfanyakazi. Akaifunika kwa kiganja.

"Papa, kazini matrikule yenu ni ngapi?"

"Elfu mbili mia moja sabini na sita."

Mujinga aliinua kiganja. 2176. Akafungua kabati, akampa daftari.

Mwalimu Musonda, aliyesikia kelele, alikuja mbio kuomba radhi. Mgeni akamzuia, akatoa bahasha mfukoni.

"Mwalimu, hii barua ilikuwa ya kufuta shule yenu. Nilikuja kuchukua daftari na kuiacha hapa. Sasa narudi nayo."

Akamgeukia Mujinga. "Mutoto, mvua inanyesha mara moja tu. Kama muntu anaharibu hesabu yake, hakuna kuipima tena. Kwa hiyo usifungulie muntu juu ya kuongea muzuri, hata kama iko rafiki yako. Umujue kwanza, kisha umufungulie."

Mujinga aliitika, akachukua kalamu. Kwenye orodha alikata jina Pierre, akaandika Mwaba Ngosa, na kando yake nambari.