Breki Zilizong'arishwa

Kila Jumamosi, Maxine alipomaliza kuosha vyombo vya kiamshakinywa, alikwenda kumsaidia babake kufungua duka. Duka lilikuwa Sotik, nyuma ya kituo cha petroli, na halikuuza sukari wala unga. Mzee Jairus Ogada aliuza vipuri vilivyotumika vya magari ya kasi: viti vinavyombana dereva mbavuni, na breki kubwa kuliko za gari la kawaida. Wateja wake walikuwa vijana wa viwanda vya chai na wakulima waliopenda magari kuliko chakula. Wangeweza kusimama pale kutwa wakibishana kuhusu kiti kimoja.

Maxine, aliyekuwa gredi ya saba, ndiye aliyepiga picha za bidhaa na kuziweka kwenye kundi la wapenzi wa magari. Babake alikuwa na sharti moja: picha ya kwanza iwe ya kasoro. Kiti kikiwa kimetobolewa na sigara, tundu hilo ndilo lionekane kwanza. Breki ikiwa na kutu, kutu itangulie. Maxine aliliona sharti hilo la kizamani. Wauzaji wengine walionyesha vitu vinavyong'aa, naye alionea aibu matundu na kutu ya babake.

Jumamosi moja Ogada alikwenda Siongiroi kuangalia gari bovu lililokuwa likiuzwa, akamwacha mkewe, Molly, dukani. Maxine akaona nafasi ndiyo hiyo. Alichukua polishi ya dashibodi, akasugua viti viwili, kisha akasugua breki seti nzima: diski, zile sahani za chuma zinazozunguka na gurudumu, na pedi zinazozibana ili gari lisimame. Alijua babake hakubali mafuta yaguse breki. Lakini polishi, alijiambia, si mafuta. Msichana huyo alikuwa hodari wa kujipa sababu.

Picha zikatoka zinameremeta, na sifa zikamiminika kundini. Kabla ya adhuhuri alifika Robert Chepyegon, mkulima kijana wa upande wa Ndanai mwenye gari la buluu linalonguruma. Akazichukua breki na kumwambia Molly kwamba fundi angezifunga mchana huo huo. Ogada aliporudi na kusikia habari hiyo, alimpongeza binti yake, naye akavimba kichwa.

Mdogo wa Maxine, Phelix, aliparamia kiti kimoja kilichong'arishwa. Akateleza na kutua sakafuni kwa makalio. Akacheka, akapanda tena, akateleza tena. Maxine naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Ikiwa kiti kilishindwa kumshika Phelix, pedi zingeshikaje diski?

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona, na sifa za babake zilikuwa bado tamu masikioni. Lakini aliijua barabara ya kwa Chepyegon. Ilikuwa na mteremko mrefu, na chini yake palikuwa na kituo cha kupokea maziwa, ambapo watu hupanga foleni na mitungi yao kando ya lami. Hofu ilimshika.

"Baba," alisema, "zile breki nilipaka polishi."

Ogada aliweka kikombe chini. "Ulipaka wapi?"

"Kote. Hata kwa pedi. Nilitaka zing'ae kwa picha."

Ogada hakumgombeza. Alipiga simu, ikaita tu bila kushikwa. Akachukua funguo za pikapu na kumwambia Maxine aingie.

Walimkuta Chepyegon ndio kwanza anatoa gari uani, polepole, kuelekea mteremkoni. Ogada alipiga honi na kumpungia mkono asimame. Chepyegon akakanyaga breki. Gari halikusimama. Lilipita langoni, likavuka barabara na kwenda kukwama kwenye nyasi za nepia za jirani. Kwa bahati, kilichoumia ni nyasi tu.

Chepyegon alishuka garini. "Mzee, hizi breki hazishiki kabisa."

"Anko, ni mimi," Maxine alisema kabla babake hajafungua mdomo. "Baba hakujua. Nilizipaka polishi." Alikuwa akilia, wala hakujaribu kuficha.

Chepyegon aliutazama mteremko, na watu waliopanga foleni kule chini. "Ungenyamaza," alisema, "saa hii ningekuwa pale kwa mitungi."

Fundi aliifungua kazi yake yote upya. Pedi zilikuwa zimenyonya polishi, kwa hivyo Ogada alizitupa na kuahidi nyingine bila malipo. Diski alizisafisha Maxine mwenyewe, kwa dawa ya breki, hadi mikono ikamuuma.

Waliporudi dukani aliviosha viti kwa sabuni. Akapiga picha, na ya kwanza ilikuwa ya tundu la sigara kwenye kiti kimoja. Muda si mrefu ujumbe wa Chepyegon ukaingia: awekewe kiti hicho chenye tundu, atakifuata.

Ogada alimwonyesha binti yake ujumbe huo. "Unaona? Mteja akijua kasoro, anaamua mwenyewe," alisema. "Ukimficha, umemwamulia, na maisha ni yake. Leo ulikosea, halafu ukasema ukweli mapema, na hiyo ndiyo ilituokoa." Akamtazama Phelix, aliyekuwa akijaribu kuteleza kwenye kiti kilichooshwa na kushindwa. "Lakini siku nyingine, mama, usingoje mtoto aanguke ndio useme."