Ndoo Mbili za Asali

Nyuma ya vibanda vya matunda mjini Mwingi kuna mahali ambapo mtu mwenye tumbo jepesi hapaswi kupita siku ya soko. Hapo ndipo wachuuzi humwaga kila kilichowashinda: maembe yaliyopasuka, ndizi nyeusi, matufaha yaliyopondeka safarini. Nzi hawaondoki. Mwongeli alikuwa ameinama pale juu ya kreti, rinda la kitenge cha kijani, raba nyeupe ambazo hazikustahili matope yale, akichambua matufaha moja moja.

"Dada, hizo unapelekea nguruwe?"

Akainua macho. Alikuwa kijana mrefu, shati la buluu lililopigwa pasi, ndoo nyeupe mkono mmoja, na mkono wa pili umeziba pua.

"Nakula mwenyewe. Na wewe ukionja utaomba ingine."

"Asi! Afadhali nilambe lami."

"Kupondeka si kuoza, ndugu. Kwani wewe hujawahi kuanguka?"

Kijana akacheka, pua ikafunguka. Aliitwa Mulinge, mtu wa Tseikuru, muuza asali. Mwongeli akatoa chupa ndogo mkobani, akamdondoshea tone kwenye kidole.

"Hii ni asali ya wapi?" Mulinge akauliza.

"Si asali. Ni sirapu ya epo, haya matufaha. Natengeneza kwa nyumba."

Mulinge akaitazama ile chupa kwa muda, kisha akamtazama mwenye chupa. Mwongeli alifurahia ule mtazamo wa pili, wala hakujiuliza juu ya ule wa kwanza. Mapenzi yana ujinga wake.

Sirapu yenyewe haikuwa na siri kubwa. Mwongeli alikata sehemu iliyooza akatupa, akachemsha iliyobaki pamoja na maganda mpaka ikalainika, akakamua kwa kitambaa safi. Yale maji akayarudisha jikoni na sukari, tangawizi iliyopondwa na ganda la limau, akakoroga hadi yakawa mazito na mekundu kama asali ya mwituni. Aliimwaga juu ya chapati, kwenye uji, hata kwenye maziwa ya mgando. Wapangaji wenzake walimjua kwa harufu.

Jioni wapenzi hawa walikutana kwenye hoteli ya Abdiya, kando ya barabara ya Garissa. Abdiya alikuwa mteja wa Mulinge. Mama yake Abdiya, mzee Ismahan, alikuwa amemwagikiwa na mafuta ya mandazi mguuni, na Abdiya alimpaka asali ya Mulinge kwenye kidonda kila asubuhi.

Wasipoonana walipigiana simu.

"Umekula, mwendwa?"

"Nimekula chapati na sirapu. Na wewe?"

"Mimi nakula mawazo yako."

"Hayo hayashibishi. Nunua nyama."

"Sikia, mwaitu ameomba lita kumi ingine ya sirapu."

"Kumi? Mama yako anaoga nayo?"

"Ana wageni wa kanisa, mpenzi. Wanakusifu sana."

Mwongeli alilala akitabasamu. Mama mkwe anayempenda kabla hajamwona! Akakesha akikoroga sufuria kwa ajili ya wageni ambao hawakuwahi kuzaliwa.

Baada ya miezi sita Mulinge akaja Mbumbuni na wazee wake, kuleta mbuzi wa ntheo ili msichana ajulikane ni wake. Alivaa suti ya kijivu, akanukia marashi kutoka mlangoni. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa asali, alileta ndoo nzima. Nyumbani kwa akina Mwongeli msichana ndiye huonja asali ya wachumba kwanza. Akimeza, amekubali, ndipo wazee wapewe.

Mwongeli akapiga magoti, akachota kwa kijiko, akatia mdomoni.

Kwanza ilikuja ladha ya moshi ya asali. Nyuma yake ikaja tangawizi. Kisha ganda la limau.

Hakuna mpishi asiyejua mkono wake. Kitu kile kikamgandia kooni, vuguvugu, kizito, kama makohozi ya mtu mwingine. Mbele ya wazee wa pande mbili, mbele ya bibi yake Kanini, akageuka akatema chini.

Bibi akaweka kikombe chini.

"Ni nini, mwana?" bibi akauliza.

"Susu, hii ni sirapu yangu. Amechanganya kwa asali."

Mulinge hakumtazama. Alimgeukia ndugu yake Kitheka, akafoka, "Si nilikwambia ubebe ile ya kifuniko chekundu!"

"Kwa hivyo ndoo ni mbili," Mwongeli akasema polepole. "Moja ya wakwe, ingine ya watu."

Ami yake Mwongeli, mzee Musyimi, akasimama akakung'uta suruali kana kwamba kiti kilikuwa kichafu. "Chukueni mbuzi wenu," akasema. Wageni hata chai hawakumaliza.

Mulinge alipiga simu mara kumi na tisa. Ya ishirini ikapokelewa.

"Mpenzi, nisikize. Ukame umemaliza maua, mizinga ni mitupu. Ningefanya nini? Na ni matunda tu na sukari. Kwani imeua nani?"

Mwongeli akafungua mdomo amtukane, kisha akakata simu. Alikuwa amekumbuka mguu wa mzee Ismahan.

Kesho yake mapema alikuwa amerudi Mwingi. Abdiya akamwingiza chumba cha nyuma, akafunua shuka mguuni pa mama yake. Harufu ikawapiga. Kidonda kilikuwa kimepanuka, kingo za kijani, usaha umeshikana na utamu ule, na sisimizi wameunda mstari kutoka ukutani mpaka kwenye nyama. Mwongeli akainama akawapangusa.

"Kila asubuhi nawafukuza," Abdiya akasema. "Nikafikiri wanafuata asali."

"Si asali, dada. Ni sirapu yangu. Mulinge aliichanganya, nami nilimpa bila kujua."

Abdiya akamfunika mama yake. Hakupiga kelele. "Shika miguu, tumpeleke hospitali," akasema.

Kidonda kilisafishwa, mzee akapewa dawa, na daktari akaagiza kioshwe mara mbili kwa siku. Mwongeli akatoka nje, akapiga simu moja.

"Uliuliza imeua nani. Mama yake Abdiya bado hajakufa. Kuja unuse."

Akakata. Wiki tatu hakupokea simu yake tena. Alisikia tu, kwa wauza matunda, kwamba Mulinge alisimama sokoni akasema mbele ya wateja alichowauzia, na kwamba mtu mmoja alimtemea mate kwenye shati na hakuna aliyemtetea. Mwongeli alipoambiwa alisema "vizuri," kisha akaunguza sufuria.

Asubuhi moja alienda kumjulia hali mzee. Uani alimkuta Mulinge ameshika ukuta, anatapika. Kijana akajifuta mdomo, akachukua beseni la maji ya chumvi na shashi safi, akarudi ndani bila kumwona. Mwongeli akachungulia dirishani. Mulinge alikuwa amepiga magoti, anaosha mguu wa yule mama, huku mzee Ismahan akimwelekeza.

"Anakuja kila siku, asubuhi na jioni," Abdiya akasema nyuma yake. "Na kila siku anatapika."

"Umemsamehe?"

"Bado. Lakini hooyo, mama yangu, anasema mkono wake ni mwepesi. Nimeshindwa kumfukuza."

Mulinge akatoka na beseni. Akamwona, akasimama. Alikuwa amekonda, shati halijui pasi.

"Usinikaribie," akasema. "Nanuka."

"Unanuka sana."

"Bado unanichukia?"

"Ndio. Nikikumbuka nilivyokesha nikipikia wageni wa kanisa, nataka kutema mate. Halafu simu ikinyamaza siwezi kulala. Najishangaa mwenyewe, Mulinge. Nakuchukia na nakupenda na sijui niteme gani."

Mulinge akaweka beseni chini. Machozi yalikuwa karibu. "Niambie nifanye nini."

"Umalize huu mguu kwanza, mpaka upone. Halafu uje Mbumbuni umwambie Susu kwa mdomo wako kile uliambia watu wa soko."

"Nitakuja. Nilete mbuzi wangapi?"

"Usilete mbuzi. Usilete ndoo. Usilete kitu."

"Lakini, mwendwa, wazee watasema nini? Mkono mtupu haulambwi."

"Ndiyo maana nataka uje nao," Mwongeli akasema. "Sisi tumelamba vya kutosha."