Bawa la Rengganis

Kila alasiri, Rengganis aliporudi kutoka shuleni, alivua viatu mlangoni, akamwamkia mama yake kwa kuugusisha mkono wa mama kwenye paji lake la uso, akala wali upesi, kisha akaipangusa meza ya jikoni mpaka ikakauka kabisa. Meza ilipaswa kuwa kavu kwa sababu mbao nyepesi za balsa hunywa maji upesi kama kitambaa, na majira ya mvua yakishaingia mjini Bandung, hakuna kitu kinachokauka bila kusubiriwa.

Rengganis alikuwa akijenga ndege. Haikuwa ndege ya kuchezea inayonunuliwa ikiwa tayari. Ilikuja ndani ya boksi ikiwa vipande vitupu: mbavu za bawa nyembamba kama biskuti, vijiti, mota ya kuzungushia pangaboi, betri, na rimoti ya kuiendeshea ikiwa angani. Kila mwanachama wa klabu ya ndege shuleni kwao alikuwa amepewa boksi lake. Jumapili moja karibu na mwisho wa muhula wangekwenda uwanjani kuzirusha, na hapo ndipo wangechaguliwa watakaoingia katika timu ya shule. Rengganis aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

Klabu ilikuwa na desturi moja ambayo mwalimu wao, Bu Ratnasih, yaani Mama Ratnasih, hakuwahi kuilegeza. Kabla ndege mpya haijaruka kwa mara ya kwanza, mjenzi wake husimama mbele ya watu wote, huweka kiganja juu ya bawa na kusema, “Nimeijenga kwa mikono yangu.” Asiyeweza kusema hivyo, harushi.

Kiwiliwili kilimwendea vizuri. Mkia nao ulikaa sawa. Bawa ndilo lililomsumbua. Mbavu zote zilipaswa kubanwa kwa pini juu ya ubao ulionyooka mpaka gundi ikauke vizuri, lakini Rengganis hakuwa na subira. Aliigusa gundi kwa kidole, akaona haimnati tena, akazing’oa pini. Kisha akalivika bawa ngozi yake ya plastiki nyekundu, akaikaza kwa pasi. Alipoliinua, ncha moja ilikuwa imejisokota.

Galih, jirani yake na mwanafunzi mwenzake, alichungulia dirishani na kukenua meno.

“We Rengganis, hilo ni bawa au ni chipsi ya kerupuk iliyonyeshewa mvua?”

“Funga mdomo. Lako liko wapi?”

“Langu limenyooka kama rula, dada. Na baba yako si ndiye fundi samani anayesifiwa na mtaa mzima? Subiri watu waone! Watasema binti wa fundi Sutisna kajenga sambusa.”

“Nenda zako, Galih!”

Galih akaenda zake huku akicheka. Lakini maneno yake yalikuwa yamefika mbali kuliko alivyokusudia. Karakana ya Pak Sutisna, yaani Bwana Sutisna, baba yake Rengganis, ilikuwa upande wa pili wa ukuta, na msumeno wake ulikuwa umenyamaza. Muda si mrefu akaingia jikoni, akalishika bawa, akafumba jicho moja na kulitazama kwa urefu wake kama alivyozoea kutazama mbao za milango.

“Mh,” alisema.

“Kosa langu, Baba. Nilitoa pini mapema, gundi haijakauka. Nitamuuliza Bu Ratnasih uwanjani kama linarekebishika.”

“Usijali, Neng,” alisema baba yake, kwa jina lile la mapenzi alilomwita tangu utotoni. Akalirudisha bawa mezani, akarudi karakana.

Jumamosi, siku moja kabla ya kurusha ndege, Rengganis na mama yake, Enok, walikwenda kumjulia hali bibi aliyekuwa na homa. Waliporudi jioni, Rengganis alikuwa amechoka, akaenda moja kwa moja kulala. Asubuhi ya Jumapili aliikuta ndege yake imesimama mezani, imepanguswa vumbi, na baba yake ameketi kando akinywa kahawa, uso umejaa furaha.

Rengganis alipitisha kidole juu ya bawa. Mahali palipokuwa na kikunjo kidogo cha plastiki palikuwa laini. Ncha zote mbili zilinyooka sawasawa.

“Baba, hili si bawa langu.”

“Si lako kivipi? Liko kwenye ndege yako.”

“Langu lilikuwa na kikunjo hapa. Langu lilikuwa limepinda.”

“Ndiyo maana nikakutengenezea jipya. Nimechonga mbavu moja moja, Neng, nikalivika plastiki iliyobaki kwenye boksi. Litazame! Hata kiwandani hawatoi bawa kama hilo.”

“Nani alikuomba?”

Kikombe cha kahawa kilisimama njiani kuelekea mdomoni. Enok akageuka kutoka mekoni, mwiko mkononi.

“Rengganis! Hivyo ndivyo mtu anavyosema na baba yake? Mwenzako akifanyiwa hivi anaruka kwa furaha, wewe unanuna! Sema asante.”

Rengganis hakuweza kusema asante. Kama bawa lake lingevunjwa na Galih, angejua la kufanya. Angepiga kelele, na watu wote wangemwonea huruma. Lakini lilikuwa limeondolewa na mtu anayempenda, bila hata kumwuliza, na sasa yeye ndiye aliyeonekana hana adabu. Alasiri zote zile alizoinama mezani, vidole vikiwa vimegandiana kwa gundi, zilikuwa zimefutwa, kisha akatakiwa atabasamu!

“Langu liko wapi?” aliuliza.

“Liko karakana, kwenye vipande vya kuwashia moto,” alijibu baba yake, naye sasa amekasirika. “Kalichukue kama unalipenda sana.”

Akaenda kulichukua. Alilikuta chini ya takataka za mbao, limejaa vumbi la msumeno lakini halijavunjika. Alilifunga ndani ya shali yake, akalitia mkobani. Wakapanda pikipiki wote watatu na kuelekea uwanjani, Rengganis ameipakata ndege.

Uwanjani, wazazi walikuwa wametandika mikeka kwenye nyasi. Watoto walijipanga nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na ndege yake. Galih, ambaye alikuwa amekwisha kusema maneno yake mezani na sasa alingoja zamu ya kurusha, alipiga mluzi.

“Jamani! Sambusa imenyooka lini?”

“Sikulinyoosha mimi. Ni kazi ya baba.”

“Shh! Punguza sauti, we! Sema yale maneno upesi, uondoke. Mkia wa ndege yangu kaubandika kaka yangu, na nimesema vizuri tu. Mdomo wangu umepinda?”

“Haujapinda,” alisema Rengganis, “lakini wewe unajua.”

“Ninajua, ndiyo. Na wewe ukijifanya mtakatifu, utarudi nyumbani na ndege yako mgongoni. Shauri yako.”

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Bawa la baba yake lingeruka vizuri. Lingempeleka kwenye timu. Zamu yake ilipofika, aliweka kiganja juu ya ile plastiki nyekundu, akamwona baba yake mbele ya umati, ameinua simu kumpiga picha.

“Kiwiliwili nimekijenga mimi,” alisema Rengganis. “Mkia nimeujenga mimi. Bawa hili sikulijenga. Lililokuwa langu limo humu mkobani.”

Minong’ono ikazuka mikekani. “Masikini, anamwaibisha baba yake mbele za watu,” alisema mama mmoja. “Watoto wa siku hizi!” akaongeza mwingine.

Rengganis aliwasikia. Machozi yalimlengalenga, lakini yalikuwa machozi ya hasira, na aliyazuia. Alimgeukia baba yake.

“Nisamehe, Baba. Lakini ningesema yale maneno, ningekuwa ninasema uongo huku wewe unanipiga picha.”

Pak Sutisna akaishusha simu taratibu.

Bu Ratnasih alilitoa bawa la zamani mkobani, akapuliza vumbi, akalitazama kwa urefu. Alikuwa mwanamke mpole, lakini alipoinua uso, upole ulikuwa umemtoka.

“Pak Sutisna, nani alikwambia bawa hili limekufa?”

“Lilikuwa limepinda, Bu.”

“Limepinda, ndiyo. Ulimwuliza mwenyewe anataka kulifanyia nini?”

“Alisema atakuuliza wewe.” Pak Sutisna alikohoa. “Sikungoja.”

“Hukungoja. Wala si wewe peke yako.” Bu Ratnasih aliwageukia wazazi wote. “Kila muhula ninaletewa ndege safi ambazo watoto wenyewe hawajui ndani yake mna nini. Zikianguka, mtoto anabaki anawatazama ninyi. Mnadhani mnawapenda, kumbe mnawaambia kwamba mikono yao haifai! Halafu mtoto mmoja akithubutu kusema kweli, mnasema hana adabu. Aibu hapa si ya mtoto huyu.”

Mama aliyekuwa ameanza kunong’ona akajitia kutafuta kiatu chake.

Bu Ratnasih aliichomeka pasi ndogo ya klabu kwenye jenereta iliyokuwa ikichaji betri. “Sikiliza, Rengganis. Plastiki hii ikipata joto hulegea, kisha hujikaza tena. Mtu akilishika bawa kinyume cha mpindo wake wakati wewe unalipiga pasi, na akaendelea kulishika mpaka lipoe, litabaki hapo. Haya, anza.”

“Nipe mimi, Neng, utaungua,” alisema Pak Sutisna, mkono tayari umenyooka kuelekea pasi.

“Pak Sutisna!”

Mkono ukarudi.

“Wewe shika ncha,” alisema Bu Ratnasih. “Pasi ni ya mjenzi.”

Basi fundi Sutisna, ambaye mtaa mzima ulingoja milango yake, akapiga magoti kwenye nyasi na kuishika ncha ya bawa kwa vidole viwili, na binti yake akaanza kumwelekeza.

“Ipinde kidogo, Baba. Zaidi. Zaidi tena. Umezidisha! Rudisha nyuma.”

“Hivi?”

“Hapo hapo. Usitikisike. Hata kupumua usipumue.”

“Sasa nikifa?”

“Ukifa, kufa polepole, usiachie.”

Watu wakacheka, na Pak Sutisna akacheka pia, bila kuachia. Rengganis aliipitisha pasi mpaka plastiki ikajikaza, kisha wakangoja ipoe. Mara hii Rengganis hakuwa na haraka. Hata Bu Ratnasih alipouliza, “Bado?” alijibu, “Bado, Bu,” akaendelea kungoja.

Bawa halikunyooka kama lile la baba yake. Kikunjo kilibaki palepale. Lakini ncha zilikuwa zimelingana vya kutosha. Akalifungua lile la baba, akalifunga lake kwenye ndege, akaiinua kwa ncha za vidole chini ya bawa ili aone kama inasimama sawa bila kuinama mbele wala nyuma. Ikasimama. Akaweka kiganja chake na kusema kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa mikeka:

“Nimeijenga kwa mikono yangu. Pini nilizitoa mapema, ndiyo maana lilipinda. Nimelinyoosha sasa hivi, na baba yangu amenishikia.”

Bu Ratnasih aliirusha kwa mkono. Ndege ilivutwa upande wa kushoto, watu wakashtuka. Rengganis akaizuia kwa kidole gumba kwenye rimoti, akairudisha, ikapanda. Ilizunguka uwanja ikinguruma kama nyuki, juu ya nyasi, juu ya mikeka na jenereta, kila mara ikitaka kwenda kushoto na kila mara ikirudishwa. Iliposhuka, iligusa ardhi kwa kishindo, pangaboi likavunjika.

“Kesho ulete ndege darasani, ubadilishe pangaboi mwenyewe,” alisema Bu Ratnasih. “Na ujiandae kwa mazoezi. Timu inahitaji mtu anayeijua ndege yake hata inaposhuka vibaya.”

Rengganis alitaka kujibu, lakini Galih alikuwa amekwisha kujipenyeza kati yao, akijikuna kisogo.

“Bu, samahani. Naomba nirudie kusema yale maneno. Mara ya kwanza sikuyasema vizuri.”

“Na mkia?”

Galih alitumbua macho. “Bu umejuaje?”

“Nenda kauondoe, uubandike mwenyewe. Gundi iko mezani.”

Njiani kurudi, Pak Sutisna alisimamisha pikipiki kwenye kibanda cha mikate ya surabi. Mama Enok alipokwenda kuagiza, baba na binti walibaki wamesimama kando ya barabara, harufu ya unga wa mchele unaoungua kidogo ikiwazunguka.

“Neng,” alianza Pak Sutisna, “nimejenga makabati na milango miaka mingi, na hakuna hata mlango mmoja ulioniuliza nani aliniomba. Leo asubuhi uliponiuliza, nilikasirika sana. Nilipofika uwanjani nikaona nilikasirika kwa sababu ulikuwa na haki.” “Nilimsikia Galih akikucheka. Nikaogopa kwamba watu watanicheka mimi. Kisha nikajidanganya kwamba ninakusaidia wewe.”

Rengganis aliinamisha kichwa. “Na mimi nilikujibu vibaya, Baba.”

“Ulinijibu vibaya, ndiyo, na hilo tutalizungumza na mama yako. Lakini kosa lako la pini ulilisema mwenyewe kabla mtu hajakuuliza. La kwangu nililifunika kwa mbao mpya. Sasa nisikilize, na usisahau. Kazi yako ikipinda, sema imepinda, kisha uulize namna ya kuinyoosha. Anayetaka kukusaidia, mpe ncha ashike. Akitaka kukunyang’anya kazi nzima, mkatalie, hata kama ana nia njema, na hata kama anajua kuliko wewe.”

“Na kama ni wewe, Baba?”

Pak Sutisna alimtazama mkewe akirudi na surabi za moto, mvuke ukifuka mkononi mwake.

“Hata kama ni mimi. Uniambie tena kama ulivyoniambia leo,” alisema, kisha akainamia sikio la binti yake. “Lakini kwa sauti ya chini kidogo. Mama yako ana mwiko.”