"Hapo Tu" ya Naliaka

Kila Jumamosi, kabla mama yao hajatoka kwenda kazini, Naliaka huosha vyombo na mdogo wake Lenny hufagia mbele ya nyumba yao ya kupanga, Ngoingwa. Mama hufanya kazi katika kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda, Thika. Jumamosi moja ya Februari jua lilianza kuchoma hata kabla chai haijapoa.

"Baiskeli muendeshe hapa hapa mtaani," Mama alisema, akimwachia Naliaka simu ndogo ya vibonyezo. "Msiingie mashambani. Mmenisikia?"

"Ndiyo, Mama."

Masikio yalisikia, lakini moyo ulikuwa umeshafika Ruiru. Wenzake shuleni walijigamba kwamba walifuata njia za mashamba ya kahawa, wakapita bonde la mto Ndarugu, wakafika Ruiru kwa baiskeli. Naliaka, msichana wa miaka kumi na mitatu asiyependa kushindwa hata kwa kuruka kamba, alitaka Jumatatu awe na lake la kusimulia. Lenny, mdogo wake wa miaka kumi, alimfuata kwa sababu alimfuata kila mahali. Walibeba chupa moja ya maji na mandazi mawili.

Mwanzoni safari ilikuwa tamu. Njia iliteremka, baiskeli zikakimbia zenyewe, na vumbi jekundu likatimka nyuma yao. Mama alipopiga simu wakati wa mapumziko ya chai kazini, walikuwa katikati ya shamba la kahawa.

"Mko wapi?"

"Tuko hapo tu, Mama. Hapo kwa kina Lynn."

Tunalipenda sana neno hili. Aliyechelewa, ambaye hata uso hajanawa, husema yuko hapo tu. Naliaka naye alilitamka bila kupepesa macho.

Kufikia adhuhuri chupa ilikuwa tupu. Njia ilipanda mlima, ikashuka, ikapanda mwingine. Walimkuta mzee mmoja aliyebeba maziwa kwa baiskeli, wakamuuliza kama Ruiru ni mbali.

"Aa, ni hapo tu," alijibu, akiwaonyesha upande kwa kuchongoa midomo.

Walikanyaga pedali hadi miguu ikaisha nguvu, na hiyo "hapo tu" hawakuifikia.

"Naliaka, si turudi?" Lenny alisema. "Kichwa kinaniuma."

"Wacha uoga! Unataka tuchekwe?"

Waliposhuka tena bondeni, karibu na daraja la mbao, Lenny alianguka pamoja na baiskeli yake. Alitapika. Ngozi yake ilikuwa moto na kavu, na alipoulizwa swali alijibu maneno yasiyoeleweka. Naliaka aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Lakini aliogopa pia hasira ya Mama, na alipompigia simu, hofu hiyo ya pili ndiyo iliyoshika ulimi wake.

"Mama, Lenny anaumwa. Tuko... tuko hapo tu, uwanjani."

"Kaeni hapo. Namtuma Baba Lynn sasa hivi."

Baba Lynn ni Zacharia, jirani yao mwendeshaji wa bodaboda. Alifika uwanjani mbio, akauzunguka, akatafuta hadi nyuma ya kanisa lililo kando yake, akimuuliza kila aliyepita. Wakati huo, mbali kule bondeni, Lenny alikuwa ameacha kuitika anapoitwa. Kisha simu ikalia.

"Naliaka, niko hapa kwa fildi. Siwaoni. Mko upande gani?"

Naliaka alitazama midomo ya ndugu yake iliyopasuka. Uwongo mwingine ulikuja mdomoni, akaumeza.

"Baba Lynn, nimedanganya. Tuko Ndarugu, njia ya kahawa ya kwenda Ruiru. Hapa kuna daraja la mbao."

"Ngai!" Zacharia alipaza sauti, kisha akaishusha. "Haya, nisikize. Mpeleke kwa kivuli. Mtoe shati, umwagie maji ya mto, umpepee. Kama hawezi kumeza, usimnyweshe kitu. Nakuja."

Naliaka alimburuta Lenny hadi chini ya mti. Alishuka mtoni akijikwaa, akajaza chupa, akapanda, akammwagia, akashuka tena. Alimpepea kwa shati huku akilia na kuomba Mungu. Kila mlio wa pikipiki aliousikia mbali ulipotea. Ule ambao haukupotea ulikuwa wa Zacharia, na nyuma yake alikuwa amekaa Mama, bado amevaa aproni ya kiwandani.

Walimkimbiza Lenny kwenye zahanati moja Ruiru, akatundikiwa dripu.

"Jua limempiga vibaya," daktari alisema. "Yale maji ya mto yamemsaidia. Mngechelewa zaidi, sijui kama tungemwokoa."

Jioni Lenny alifumbua macho. Mama alimshika mkono, akauliza taratibu, "Nani alisema mwende Ruiru?"

"Ni mimi, Mama," Lenny alijibu kwa sauti dhaifu. "Nilimlazimisha Naliaka."

Naliaka alimtazama ndugu yake kwa uchungu. Angeweza kunyamaza tu, na mambo yakaishia hapo.

"Hapana, Mama. Lenny aliomba turudi, nikakataa. Na mimi ndiye niliyesema tuko uwanjani."

Mama hakufoka, na hilo lilimuumiza Naliaka zaidi.

"Baba Lynn alikuwa anawatafuta pale uliposema mko," Mama alisema. "Msaada hauna macho, mwanangu. Huenda pale unapoelekezwa. Ukweli ungeniudhi asubuhi. Uwongo nusura uniulie mtoto mchana."

Kisha alimpa Naliaka kikombe cha maji. "Mnyweshe ndugu yako. Polepole."

Naliaka alimwinua Lenny kichwa, akamnywesha kidogo kidogo.