Mia Mbili Hadi Kumi na Nane

Gervasi aliiacha lenzi mezani ikiwa imejikunja, fupi kama kikombe cha chai, akaenda nyuma ya studio, alikoishi na familia yake, kunawa uso. Aliporudi ilikuwa imejitokeza yote. Bomba lake lilielekea mlangoni, na alama imesimama kwenye namba 200.

Hakushtuka sana. Nikolausi, aliyemuuzia kule Arusha, alishamwambia kwamba lenzi ndefu za namna ile hujishusha zenyewe mtu akizining'iniza shingoni. Ila hii ilikuwa imelazwa, na meza ile ya Katesh, ingawa mbovu, haikuwa na mteremko.

Aliichagua mwenyewe, tena kwa mbwembwe. Miaka ile mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na kila harusi ya Basotu na kila kipaimara cha Gitting kilitaka picha za dijitali. Gervasi alizifuata kwa pikipiki katika vumbi la mashamba ya ngano. Nikolausi alimwekea lenzi tatu kwenye kaunta, akamweleza kwamba namba ndogo ni ya kitu kilicho karibu, kubwa ni ya kuvuta kilicho mbali. Ya 18 hadi 55 ilikuwa nyepesi, lakini ukiwa mlangoni mwa kanisa bwana harusi anabaki mdogo kama inzi. Ya 55 hadi 200 ilifika mbali, lakini kubadilisha lenzi Basotu ni kukaribisha mchanga ndani ya kamera. Ya tatu ilikuwa 18 hadi 200, moja kwa kazi zote. Na kwa kuwa kamera yake ilikuwa ya sensa ndogo, inayokata kingo za picha, mia mbili yake ilivuta kama mia tatu.

"Haipendi giza," Nikolausi alimwonya, "na kila ukiivuta inavuta na hewa. Kilichoko nje kitaingia."

Mwenye kupenda, chongo huita kengeza. Gervasi alilipa akaondoka anapiga mluzi.

Siku ya kwanza kuitumia alikuwa akitoka kwenye kipaimara Gitting, akapita karibu na kwa Gaudensia. Mama huyo alikuwa amezika mtoto wiki tatu kabla, na nyumba yake ilikuwa metimani. Familia iliyo metimani haiingii kwa watu, haishiki mkono wa mtu, wala mtu haendi kwao hadi muda uishe, maana kilichoua bado kiko uani. Tawi la miiba lilikuwa limelazwa njiani. Gervasi aliyajua hayo tangu utotoni, kwa hiyo hakuvuka. Alisimama barabarani, mbali, akavuta lenzi hadi mwisho.

Ndani ya lenzi Gaudensia akamjia karibu, hadi nyufa za midomo yake zikaonekana. Mama alimwona, akainua mkono kumfukuza. Gervasi akabonyeza. Kisha akaisafisha picha kubwa, akaitundika dirishani mwa studio ili watu wajue nani ana lenzi Katesh nzima. Mtu mzima, ana mke na mtoto, akafanya msiba wa mwenzake kuwa tangazo la biashara.

"Baba Hilda," mkewe Tekla alisema, "huyu mama yuko metimani."

"Mimi sikuvuka tawi."

"Itoe hapo."

Hakuitoa. Pichani, mlangoni nyuma ya Gaudensia, palikuwa na kitu cheusi, kimo cha mtoto, na Gervasi alidhani ni mtungi.

Kwenye harusi ya Basotu akakiona tena, kando ya ziwa, mbali nyuma ya bibi harusi. Kilionekana kwa mia mbili tu. Jumapili, kijijini Dirma, kilionekana kwa 135, na aliporudi studio akailaza lenzi mezani, bomba lilijisogeza mbele yake hadi 135 likakoma. Lilitoa pumzi nyembamba, na pumzi ile ilinuka udongo uliochimbuliwa na maziwa yaliyochacha. Jumatano likasimama 70. Ijumaa mchana alikuwa akimpiga mwalimu picha ya pasipoti, mlango umefungwa, pazia la bluu nyuma yake, na kwa 35 akaona begani pa mwalimu vidole vidogo vinne, vyeusi kucha, vimetulia kama vya mtoto anayesubiri apishwe, na mwalimu akawa anajikuna bega palepale huku akiuliza kama picha itatoka leo, na harufu ya maziwa ikamjaa Gervasi kinywani.

Jioni ile Hilda, binti yake wa miaka sita, aliuliza kwa nini yule mtoto wa uani hana viatu.

Kesho yake asubuhi Gervasi alikuwa Dirma, kwa mzee Gidahosh, mganga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Mzee alisikiliza kisa chote. "Ulisimama wapi?"

"Barabarani. Sikuvuka."

"Uliiona midomo ya mama yule?"

"Niliiona."

"Kutoka barabarani mtu haoni midomo. Basi ulifika." Mzee alinong'ona, hakumtazama. "Yule unayemwona si mtoto wake. Ni kile kilichomchukua mtoto. Ulikipa njia ya kutoka."

"Nikiitupa lenzi?"

"Hutajua kimefika wapi, basi. Ni mwenye nyumba kilikotoka tu anayeweza kukiita kirudi. Nenda kamwombe."

Alifika Gitting saa sita, lenzi ameiacha mezani studio, picha imekunjwa kwapani. Njiani hapakuwa tena na tawi. Gaudensia alikuwa anaanika maharage, mtoto mwingine mgongoni, na alipomwona alimjia akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Ilikuwa na joto.

"Mama, nisamehe," Gervasi alisema. "Kiite kirudi. Nina binti wa miaka sita."

"Wangu alikuwa na mitano." Alisema taratibu, bila hasira. "Kilikuwa kinakaa pale mlangoni kutwa, kinamtazama huyu wa mgongoni. Nilikupungia uondoke, ukapiga picha. Kesho yake hakikuwapo, tukaondoa tawi. Tangu siku hiyo nalala, baba. Nikiite kirudi kwa huyu?"

Gervasi alipiga magoti kwenye maharage. Alilia wazi, na hakuona aibu.

"Angalau niambie kinakujaje."

Gaudensia alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko tusi. "Kinaita kwa sauti ya mzazi. Nilikuwa shambani navuna, na mwanangu akawaambia wenzake mama ananiita, akaingia ndani peke yake. Usimwache peke yake, akiitwa asiitike."

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa Tekla, anaongea chini chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

"Baba Hilda, ile lenzi yako imejifunga hadi kumi na nane. Halafu umepita mlango gani? Sikukuona ukiingia."

"Hilda yuko wapi?"

"Si huyo uliyemwita sasa hivi? Amekufuata chumbani. Mbona mmejifungia, hadi nikupigie simu?"