Siga Iliyovutwa Moto Ndani

Bwana Haldane, mlowezi wa Kizungu, alikutwa amekufa barazani kwake, shambani nje ya Njoro, Jumapili saa tisa mchana, mwaka wa 1957. Alikuwa kitini, kichwa kimepasuliwa kwa shoka la kuni. Boksi lake la siga, ile tumbako nene ya wazungu, lilikuwa wazi mezani. Limeandikwa "maduro", yaani zilizokomaa, na siga zenyewe nyeusi tititi. Kipande cha moja kilikuwa sakafuni.

"Muuaji ameua, kisha akakaa akavuta," alisema Superitendenti wa polisi, mzungu. "Boksi hili hushikwa na nani?"

"Na mpishi tu, Bwana. Kiprugut," alijibu Inspekta Wasike.

"Basi mpishi atanyongwa. Andika."

Haya, kumbe kesi ni rahisi hivyo! Wasike alimkuta Kiprugut jikoni, pingu mikononi.

"Ulivuta siga ya mzee?"

"Afande, mimi sivuti hata kiko. Nakata, nawasha, nampa. Nilikuwa nyuma nachinja kuku. Nina watoto watano, Afande!"

Wasike alirudi barazani akakishika kile kipande kwa kibanio. Ncha ya kutia mdomoni ilikuwa kavu, haina alama ya jino. Ncha iliyoungua ndiyo iliyolowa mate.

Huko kwao Bungoma, nyanya yake, kama wanawake wazee wengi wa magharibi, alivuta vivyo hivyo akilima, moto ndani ya mdomo, upepo usimalize tumbako. Mzungu hangelijua hilo hata akeshe na kioo cha kukuzia. Wasike akinyamaza, Kiprugut ananyongwa. Akisema, ananyongwa mama wa watu. Alimkasirikia nyanya yake, Mungu amrehemu, kwa kumwachia ujuzi huo.

Akateremka hadi laini, safu za vibanda vya wafanyakazi.

"Nani hapa huvuta moto ndani?" alimuuliza Nasimiyu, mchuma maua ya pareto.

Nasimiyu aliinamisha kichwa. "Ni Mama Akoth peke yake. Yule anayepeleka kuni kwa mzungu. Amezika kijana wake juzi."

Akoth alikuwa mlangoni pake, mikono magotini. Hakukimbia.

"Umechelewa, mwanangu," alisema.

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi. Mwachilie Kiprugut, hana kosa."

"Kwa nini, Mama?"

"Owuor wangu aliokota kipande cha siga. Chini, kimetupwa! Alijua napenda tumbako, akakiweka nyuma ya sikio aniletee. Haldane akakiona. Akamwita mwizi, akamchapa kiboko mpaka akakojoa damu. Siku ya tatu akafa. Nilikuja kwenu kituoni, mkaniambia nirudi kuchuma pareto."

Wasike alikuwa kituoni siku hiyo.

"Na siga, Mama? Si ungekimbia?"

"Nilitaka kujua mwanangu aliuawa kwa ladha gani. Mwanzoni tamu, kama kahawa iliyotiwa sukari guru. Ikifika katikati, chungu. Chungu, baba, mpaka kooni."

Jioni Kiprugut alifunguliwa, akaenda zake bila kuaga. Superitendenti alimpiga Wasike begani.

"Kazi safi, Inspekta. Boksi hili halina mwenyewe tena. Chukua moja."

Wasike aliipokea kwa mikono miwili. Aliyeokota kipande amezikwa, yeye amepewa nzima. Aliibeba mpaka selo, akampenyezea Akoth kwenye vyuma.

Mama aliitazama, akairudisha.

"Vuta wewe, mwanangu. Umeifanyia kazi. Mimi nishaijua."